Nguzo Iliyotembea

Kila Jumamosi, saa nne kamili za asubuhi, Nishio Tamaki alisimama ndani ya duka la mchuzi wa soya la marehemu baba yake, amevaa koti fupi la buluu la waongoza wageni wa kujitolea, akaigonga nguzo ya kati kwa vidole vitatu.

"Hapa," alisema, "ndipo maji ya mto Tose yalipofika mwaka 1921. Babu yangu Kanbei aliichonga alama hii kwa patasi yake mwenyewe kabla hata hajafagia tope. Jipimeni."

Wageni walijipima. Kwa warefu alama ilifika kifuani, kwa wafupi begani. Walipiga picha, wakanunua chupa ya mchuzi, wakatoka kwenda kula samaki wa ayu waliobanikwa kwa chumvi. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeuliza swali la pili.

Tamaki hakuwa msomi wa historia. Kwa miaka thelathini na miwili alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya mji wetu wa Sebara, na ninawajua watu wazima wanaokumbuka hadi leo supu yake ya miso, lile rojo la soya, na viazi vikuu. Alikuwa na kanuni moja jikoni: hakuna sufuria inayotoka bila yeye kuionja, hata kama mkuu wa shule amesimama mlangoni akitazama saa. Alipostaafu, akiwa amefiwa na mumewe, alirudi nyumbani kwao na kujitolea kuongoza wageni. Huko, kwa bahati mbaya, kanuni ya sufuria aliisahau. Hadithi za familia alizitoa mezani jinsi alivyozipokea.

Nasema hivyo bila kumcheka, kwa kuwa sisi sote tulizila.

Sebara umekaa kwenye kiwiko cha mto, pale Tose unapotoka milimani na kugeuka ghafla kuelekea tambarare. Zamani magogo ya mierezi yaliteremshwa hapa yakiwa yamefungwa kama mikeka, na mpunga wa mtawala wa ngome ulipakiwa hapa kwenye mashua. Maghala meupe yaliyobaki ndiyo yanayoleta wageni siku hizi, pamoja na maua ya miti ya sakura iliyo juu ya tuta na taa za karatasi zinazoachwa zielee mtoni mwezi wa Agosti. Mtaa wetu, Funaya, uko nyuma ya tuta. Una nyumba mia moja arobaini na nne, na zaidi ya nusu ya wakazi wake wamepita miaka sabini.

Miaka miwili kabla ya mambo ninayoyasimulia, ofisi ya mji ilituletea ramani ya mafuriko. Mtaa wetu wote ulikuwa umepakwa rangi ya zambarau, maana yake mita tatu za maji. Tukaambiwa kwamba mvua ikizidi tusikimbilie tena jumba la mtaa, ambalo liko hatua chache kutoka dukani kwa Tamaki. Tupande hadi hekalu la mlimani, mwendo wa dakika ishirini na sita kwa miguu ya wazee, na mwisho wake ngazi mia moja na kumi na mbili.

Mwenyekiti wa kamati yetu, Okitsu Genzo, anauza biskuti za mchele zilizopigwa muhuri wa ile nguzo pamoja na alama yake ya maji. Aliinua ramani ile mkutanini kama mtu aliyeshika nguo yenye doa.

"Jamani, ofisini kuna mtu kamwaga wino!"

Tukacheka. Kisha Tamaki akasimama, na tukanyamaza.

"Nguzo yetu ina miaka karibu mia," alisema. "Ramani hii ina wiki mbili. Gharika kubwa kuliko zote ilifika hapa kifuani, si kwenye dari. Ghorofa ya juu ya jumba letu inatosha. Bibi Ineko atapandaje ngazi mia na kumi na mbili, na magoti yale?"

"Mimi? Labda mnitie kwenye kapu!" Bibi Ineko alipaza sauti kutoka nyuma.

Tamaki mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya ombi. Nyumba mia moja thelathini na nane zilipiga muhuri, ambao kwetu ndio sahihi. Muhuri wangu nao umo. Ofisi ya mji ilichoka kubishana, jumba likabaki kuwa mahali petu pa kukimbilia, na Okitsu akauza biskuti nyingi kuliko mwaka wowote.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile ya mwezi wa Mei.

Kwa kawaida Tamaki huanzia dukani na kumalizia juu ya tuta. Siku hiyo basi la wageni lilisimama juu, kwa hiyo akaanzia huko, kando ya kisima cha zamani kilichofunikwa kwa jiwe. Miongoni mwa wageni kumi na wawili kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu.

"Hapa penye kisima," Tamaki alisimulia, "ndipo nyumba yetu iliposimama hadi mwaka 1956. Barabara ya juu ya tuta ilipopanuliwa, mafundi wa kuhamisha nyumba waliinyanyua kwa jeki, nzima nzima, wakaiweka juu ya magogo na kuivuta kwa winchi hadi ilipo sasa. Ilichukua siku tatu. Mimi nilikuwa na miaka sita na nilikuwa ndani. Bibi yangu alikataa kutoka. Aliketi karibu na moto, akachemsha maji, akawamiminia mafundi chai huku nyumba inatembea. Na halikumwagika hata tone moja!"

Wageni walipiga makofi. Walianza kuteremka kuelekea dukani. Ghafla yule mwanamke akapiga kelele. Kiti kilikuwa kimemponyoka, kikawa kinakimbia chenyewe. Tamaki aliruka akakishika mkono, viatu vyake vikikwaruza lami.

"Eti tangu lini nimekuwa gari la mashindano?" mama mzee alisema akicheka.

"Nisamehe, mama! Mteremko huu unadanganya. Ukiuona huudhanii," binti yake alisema.

"Hapa hakuna mteremko," Tamaki alisema. Ni jibu ambalo yeyote kati yetu angelitoa. Tumeteremka pale maisha yetu yote tukienda kununua tofu, na miguu yetu imeacha kutupa habari.

Lakini mikono yake bado ilikuwa imekishika kiti, na kiti kilikuwa bado kinavuta.

Walipofika dukani aliinua vidole vitatu kuigonga nguzo. Vidole vikabaki hewani. Aliwaambia wageni kwamba koo limemkauka, akawauzia mchuzi, akawaaga bila kuwaambia wajipime.

Siku ya tatu alichukua pakiti ya chai na kwenda kwa Mzee Magoshi, mwenye umri wa miaka themanini na sita, wa mwisho aliye hai kati ya mafundi walioivuta ile nyumba. Alimkuta uani akinoa mundu.

"Mzee, nimekuja kukuuliza habari za nyumba yetu."

"Ile iliyonipa chai ya moto kuliko chai zote nilizowahi kunywa. Bibi yako alituunguza ndimi makusudi tusipige soga. Uliza."

"Mlipoivuta, ilishuka?"

Mzee aliacha kunoa. "Ilishuka, ndiyo. Ingefanyaje? Pale kisimani ni bega la mto. Mto ukifurika humwaga mchanga kando yake kwanza, kwa hiyo kando ndiko juu. Wazee wetu walijenga hapo kwa akili zao. Nyuma huku kulikuwa na majaruba ya mpunga. Tulikuteremsheni hadi jarubani."

"Lakini chai haikumwagika!"

"Wee Tamaki! Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tuliweka bakuli la maji kila pembe ya nyumba, na kila hatua tulipunguza mbao upande huu, tukaongeza upande ule, ili nyumba ishuke ikiwa imelala sawa. Ingemwagika, bosi angetufukuza sote. Ulishuka kama bibi harusi kwenye machela, hukuhisi kitu."

"Ilishuka kiasi gani?"

"Kiasi cha urefu wangu wa wakati ule, kasoro kofia."

Tamaki alikaa kwenye kizingiti. Mzee alimtazama kwa muda kabla hajaelewa anachokitazama.

"Kumbe nyinyi mnaupimia mto kwa ile nguzo?"

"Mtaa mzima. Ulipiga muhuri mwenyewe, mzee."

"Nilipiga kwa sababu ya goti langu," Mzee Magoshi alisema. Akauweka mundu chini. "Niliijua nyumba. Alama sikuifikiria. Hakuna aliyeniuliza vyote viwili kwa pamoja."

Hapo ndipo penye aibu yetu sote. Tamaki alikuwa amesimulia hadithi zote mbili, ya nguzo na ya chai, mamia ya mara, moja baada ya nyingine, na hatua sitini tu kati yake. Sisi tulizisikia sikukuu baada ya sikukuu. Kila moja ilikuwa ya kweli. Tulizipenda sana hata hatukuzikutanisha. Mtu anayejisifu kwa kumbukumbu ya mababu ana wajibu wa kuikagua. Asipoikagua, sifa hiyo ni mapambo tu, na chini ya mapambo yale walikuwa wamelala watu mia tatu.

Siku iliyofuata wawili hao walipima kwa mpira wa maji, kama mafundi wanavyopima msingi: mpira mrefu uliojaa maji, vipande vya mrija wa plastiki inayoonyesha maji kwenye ncha zote mbili, na popote utakapoupeleka maji yake husimama usawa mmoja. Kutoka ardhi ya kisimani hadi sakafu ya dukani kulikuwa na mita moja na sentimita themanini. Ukijumlisha na alama ya babu, mita moja na thelathini na mbili, jibu ni mita tatu na sentimita kumi na mbili. Ofisi ya mji, yenye mtu aliyemwaga wino, ilikosea kwa kiganja kimoja.

Zilibaki wiki mbili majira ya mvua yaanze.

Tamaki alikwenda kwanza kwa mwenyekiti, kama adabu inavyotaka. Okitsu alimsikiliza huku akipanga biskuti kwenye makopo. Si mtu mbaya. Alipauka.

"Dada Tamaki, hili tulimalize kimyakimya. Mimi nitawapigia ofisini, niwaambie tumefikiri upya. Wabadilishe mahali pa kukimbilia, basi. Kuna haja gani ya kuitangaza nguzo? Vuli watu wa televisheni wanakuja kuipiga picha."

"Watu watauliza kwa nini tumebadilisha."

"Tutasema ramani imerekebishwa."

"Haijarekebishwa, Okitsu. Ni ileile."

"Unataka wakucheke? Wewe ndiye uliyezunguka na karatasi. Watasema Nishio katudanganya miaka kumi na miwili."

"Watakuwa wamesema kweli." Alichukua biskuti moja, akaitazama alama yake ndogo ya kuungua. "Ukiwaambia bila sababu, mvua ikija watabaki na nguzo. Mimi mwenyewe ningebaki nayo. Niliwafundisha kuiamini, siwezi kumwachia mtu wa ofisini awafundishe kutoiamini."

"Na biskuti zangu?"

"Biskuti zako ni tamu. Hazihitaji gharika."

Mkutano uliitishwa Jumapili alasiri, ghorofa ya juu ya jumba la mtaa, ile ile tuliyoamini ingetuokoa. Tuliketi kwenye mikeka kama mia moja hivi. Tamaki hakuleta maelezo marefu. Alisema kwa sauti ya mpishi anayekiri kwamba sufuria imeungua:

"Niliwaambia kitu ambacho sikukipima. Nguzo ilichongwa juu, kisimani. Halafu ikateremshwa na nyumba. Alama haioneshi tena maji yalipofika. Niliwaombeni muhuri kwa jambo lisilo kweli, na ninaomba radhi." Akainama hadi paji la uso likagusa mkeka.

Sauti zikaanza.

"Kwa hiyo babu yako alikuwa mwongo?"

"Babu alichonga sawasawa. Nyumba ndiyo iliyoondoka."

"Baba yangu aliniambia kifuani, na baba yake alimwambia kifuani!"

"Kifuani pa nani, amesimama wapi?" Mzee Magoshi alifoka kutoka pembeni. "Mimi ndiye niliyeisukuma! Nani mwingine hapa alisukuma? Inua mkono!"

"Mzee, wewe jana ulisahau kuvaa meno," mtu akamjibu, na kicheko kikapita. Niliogopa kicheko kile. Ndicho kilichoiangusha ramani.

Tamaki hakubishana. Alikwenda dirishani, akavuta mpira uliokuwa umening'inia nje. Tangu asubuhi yeye na mzee walikuwa wameunga mita sabini za mipira ya bustani. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye fimbo kando ya kisima, na usawa wa maji yake ulikuwa pale pale ambapo alama ya babu ilikuwa kabla nyumba haijatembea.

"Mwenyekiti," alisema, "nishikie hii ncha. Mimi nikishika watasema nimeinua."

Okitsu alisita. Angeweza kukataa, na ninaamini wengi wangemuunga mkono. Akainuka, akaushika ule mpira. Maji ndani ya plastiki yalicheza juu, chini, juu, chini, kisha yakatulia. Yalitulia juu ya mikeka, sisi tukiwa tumeketi, usawa wa vitovu vyetu.

Tulikuwa ghorofani. Kila mtu alikuwa akitazama tumbo lake, halafu la jirani. Bibi Ineko, aliye mfupi kuliko wote, alitazama mstari ule kutoka kwa Okitsu hadi kwake, akaupima kwa macho, akaweka mkono chini kidogo ya kifua.

"Haya," alisema. "Lile kapu liko wapi?"

Jioni hiyo karatasi mpya ilipigwa mihuri mia moja arobaini na miwili. Wawili waliokataa ni ndugu, na wao hukataa kila kitu. Wiki iliyofuata vijana wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea walitengeneza machela manne kutokana na ngazi za mianzi, na tukafanya zoezi la kupanda hekaluni. Mara ya kwanza tulitumia dakika arobaini na moja, na tulipofika kasisi akatukuta tunagombana kuhusu nani kamwacha paka. Mara ya pili tulitumia thelathini na tatu. Tamaki alitembea na Bibi Ineko kila mara, akimhesabia ngazi.

"Ya sitini na ngapi hii?"

"Ya arobaini, bibi."

"Wewe na hesabu zako! Hata sasa siwezi kukuamini?"

"Usiniamini. Hesabu mwenyewe."

Mvua kubwa ilikuja wiki ya pili ya Julai. King'ora kililia saa tisa alasiri. Nyumba mia moja thelathini na sita zilipanda mlimani, Okitsu akiwa na makopo yote ya biskuti mgongoni kama mkimbizi wa vita, akizigawa bure, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada yake. Tulikaa usiku kucha kwenye ukumbi wa hekalu. Kulipokucha tukateremka.

Maji yalikuwa yamefika magotini. Sakafu ya jumba la mtaa ilikuwa na tope. Ghorofa yake ilikuwa kavu kabisa.

"Magotini!" mmoja wa wale ndugu wawili alituambia kutoka dirishani kwake, akinywa chai. "Mmepanda mlima kwa sababu ya maji ya kuoshea miguu!"

Niliwatazama majirani zangu, nikasubiri aibu iwarudie. Wengine wangesema kwamba Tamaki angestahili gharika kubwa kidogo, imthibitishe. Mimi sisemi hivyo. Ukweli haungoji maiti ili uwe ukweli, na mtu anayetamani msiba umpe haki ameshaipoteza. Bibi Ineko alimjibu yule ndugu bila kusimama:

"Dakika ishirini na tisa, mwanangu. Mwakani tutapanda na kuteremka kabla hujamaliza kikombe."

Akaenda kutafuta jembe la tope.

Tamaki bado huongoza wageni kila Jumamosi, ila sasa huanzia juu, kisimani, kila mara. Huwaambia habari ya chai, kisha huwaomba wateremke polepole na waisikilize miguu yao. Dukani huigonga nguzo, mahali palepale pa zamani. Hakuifuta alama ya babu. Huwaeleza alivyowapotosha watu kwa miaka kumi na miwili, bila kulipunguza kosa wala kulipamba, kisha huwaambia watazame juu. Kuna kamba ya majani ya mpunga iliyofungwa pale nguzo inapokutana na boriti, usawa wa kweli wa maji ya mwaka 1921, na wageni wote huinua vichwa. Kamba kama hiyo imefungwa sasa kwenye kila nguzo ya umeme ya Funaya, usawa uleule. Tulizisokota wenyewe.

Televisheni ilikuja vuli, kama ilivyoahidi. Okitsu alikuwa ameshatupa muhuri wake wa zamani. Biskuti za sasa ni ndefu karibu mara mbili, nyembamba, zina alama ya chini na alama ya juu, na zinavunjika ovyo kwenye mkebe. Anazilalamikia kila siku.

"Umeniletea hasara, Dada Tamaki. Hazikai kwenye makopo."

"Nunua makopo marefu," humjibu, na kwenda kuwapokea wageni wake.